Kusimama Badala ya Dada

Miaka ile nguo ya harusi haikununuliwa ikiwa imetundikwa dukani. Ilikatwa, ikashikizwa kwa uzi wa hatua ndefu, ikavalishwa mtu, ikavuliwa, ikarudi mezani, ikavalishwa tena, mpaka fundi aridhike au bibi harusi achoke. Ilichukua miezi. Na bibi harusi wa gauni hili hakuwepo.

Alikuwa mbali, safari ya siku moja na nusu kwa gari moshi, akimalizia mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi. Alikuja likizo ya juma moja, akaposwa, akapimwa, akaondoka. Aliyemposa ndiye aliyempima: Fundi, mshonaji wa nguo wa mtaa wa chini, kijana mrefu aliyeanza kuinama mabega kwa sababu ya cherehani. Majirani walisema binti ana bahati iliyoje, kushonewa gauni na mkono ule ule utakaomvisha pete.

Vipimo vyake vilibaki kwenye daftari. Lakini daftari haliwezi kusimama mbele ya kioo.

“Si yupo mdogo wake?” Mama alisema. “Kiuno kimoja, mgongo mmoja. Hawa walikuwa wakivaliana nguo mpaka mimi mzazi nikiwaona kwa nyuma nachapa yeyote.”

Mdogo wake aliitwa Chiriku. Halikuwa jina lake. Chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na marehemu baba yao alimpa jina hilo kwa utani, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuulizwa mara tatu ndipo ajibu mara moja. Aliacha shule darasa la tano Mama alipougua, akaingia kazini kwa dobi. Kazi yake ilikuwa kupeleka nguo zilizopigwa pasi nyumba kwa nyumba, ndani ya kapu lenye mkanda, na mkanda ule aliuning'iniza bega la kushoto kwa miaka tisa.

Basi kila Jumamosi mchana, dobi alipofunga, Chiriku alikwenda kwa Fundi kuwa mwili wa dada yake. Shangazi alikwenda naye, maana haikufaa msichana kuvalishwa nguo na mwanamume pasipo mtu mzima. Shangazi alikaa mlangoni na sweta lake alilolifuma tangu mwaka juzi, na kabla hajamaliza mstari mmoja kidevu kilikuwa kimeshafika kifuani.

“Shangazi amelala,” Fundi alinong'ona siku ya kwanza.

“Silali,” Shangazi alijibu, macho yamefumba. “Napumzisha macho tu.”

Chumba cha Fundi kilitazamana na barabara. Kulikuwa na cherehani mbili za kukanyaga, moja yake na moja ya marehemu aliyemfundisha kazi, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Meza ya kukatia ilikuwa imechimbika kwa makasi ya watu wawili. Pasi ya mkaa ilikaa juu ya kigae karibu na dirisha. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na ya kitambaa kilichokaribia kuungua, na mpaka uzeeni, harufu hiyo ikimpitia popote, Chiriku alisimama kidogo kama mtu aliyeitwa.

“Simama wima,” Fundi alimwambia.

“Nimesimama.”

“Umesimama kama mtu anayeomba radhi. Na mikono iachie.”

Chiriku aliiachia, ikamshinda. Akaiweka mbele, akaiweka nyuma, akaikunja kifuani.

“Hujui pa kuiweka, shemeji?”

“Isipokuwa na kapu, sijui.”

Fundi alicheka, si cheko la kumcheka mtu, akampa kopo la vifungo alishike. “Haya. Hilo ndilo kapu lako hapa.”

Wiki zilivyokwenda, Chiriku aligundua jambo. Fundi alipopiga magoti kupanga pindo la chini, alibana pini mdomoni, kumi au kumi na mbili, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema. Hawezi kuuliza, hawezi kucheka, hawezi kukukatiza. Na Chiriku, ambaye mbele ya watu ulimi wake ulikuwa mzito kama nguo iliyoloa, akajikuta anaongea.

Alianza na kidogo. Alimweleza habari za nyumba anazopeleka nguo. Alimweleza juu ya mwalimu ambaye mashati yake yote yamekatika kifungo cha pili, cha pili tu, na hakuna ajuaye kwa nini. Alimweleza juu ya bibi mmoja mjane anayeleta kwa dobi shati la marehemu mumewe kila mwisho wa mwezi, lifuliwe, lipigwe pasi, likunjwe, ingawa halikuvaliwa na mtu.

“Nilimuuliza, bibi, si bado safi hili? Akaniambia, mjukuu wangu, hata nguo huchoka kungoja.”

Fundi aliinua uso. Pini zilimeta kati ya midomo yake. Alimtazama muda ambao pindo halikuuhitaji.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Jua la alasiri likiingia kwa dirisha, Shangazi akikoroma taratibu, gauni jeupe likikua juu ya mwili usiokuwa wa mwenyewe. Mpaka siku moja Chiriku akiwa katikati ya kisa cha mbwa aliyekimbia na soksi ya bwana posta, akatazama chini, akaona pindo limekwisha. Limezungukwa lote. Mikono ya Fundi imetulia juu ya magoti yake. Na pini mbili bado zimo mdomoni.

Alikuwa amezibakiza ili yeye aendelee kusema.

Chiriku alinyamaza papo hapo. Moyo ulimwenda mbio hata akaona aibu, kana kwamba gauni lingeusikia. Fundi alizitoa pini, akazichoma kwenye kitambaa cha pini alichofunga mkononi, moja, kisha nyingine.

“Na ile soksi?” aliuliza kwa sauti ndogo. “Ilipatikana?”

“Ilipatikana,” Chiriku alisema. “Naomba nivue gauni.”

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Na ile iliyofuata hakwenda.

“Gauni la dada yako livaliwe na upepo?” Mama aliuliza Jumamosi ya tatu.

“Kichwa kinaniuma, Mama.”

“Kichwa hakipimwi. Kinachotakiwa ni kiuno. Nenda.”

Akaenda. Siku hiyo hapakuwa na kisa cha mbwa wala cha bibi. Fundi alifanya kazi kimya, akashika bega, akaweka alama ya chaki, akarudi nyuma kutazama, akasogea tena. Shangazi alikuwa amekwisha pumzisha macho.

“Jumamosi mbili,” Fundi alisema hatimaye.

“Nilikuwa na kichwa.”

“Na mimi nilikuwa nacho.” Aliiweka chaki mezani. “Chiriku...”

Hakuwa amemwita shemeji. Chiriku alisikia hilo kama mtu anavyosikia mlango ukifunguka nyumba anayodhani haina watu.

“Usiseme,” alimwambia.

“Sijasema.”

“Basi usiseme. Dada yangu anakuandikia kila juma. Barua nakuletea mimi mwenyewe.”

“Najua. Ni barua nzuri. Ni mtu mzuri.” Fundi alitazama meza. “Gauni limebaki kumaliziwa tu. Usije tena.”

“Sawa.”

Alivua, akaenda zake. Machozi yake aliyamwaga kwa dobi siku ya Jumatatu, mbele ya pasi kubwa, mahali ambapo kila mtu ana maji usoni na hakuna anayemuuliza mwenzake.

*

Dada alirudi na cheti chake, na mwendo mpya wa haraka, mwendo wa watu wa wodini. Alimkumbatia Chiriku pale pale stesheni mpaka kofia ikamdondoka.

“Umekonda! Mama, huyu mnamlisha nini? Nimekuletea viatu, vya kunisimamia siku yangu. Vimekubana? Sema kama vimekubana. Aa, wewe hutasema. Mama, vinambana.”

Vilikuwa vinambana kweli. Ndivyo alivyokuwa Dada. Tangu utotoni yeye ndiye aliyejua panapomuuma Chiriku, na yeye ndiye aliyewaambia wengine.

Siku ya pili walikwenda wote kwa Fundi kulivaa gauni: Dada, Chiriku, na Shangazi na sweta lake. Fundi alimwamkia mchumba wake kwa adabu, akampa mkono, akamuuliza habari za safari. Chiriku hakumtazama hata mara moja. Alisimama karibu na mlango.

Dada aliingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa. Shangazi akapiga kigelegele. Lakini Dada alikuwa amekunja uso mbele ya kioo.

“Linanivuta hapa,” alisema, akigusa bega la kushoto. “Tazama, limekunjamana.”

“Umenenepa,” Shangazi alisema. “Ni chakula cha hospitali.”

“Bega halinenepi, Shangazi.”

Fundi alisogea na tepu. Alipima bega la gauni la kulia, akapima la kushoto. Alifungua daftari, akalitazama, akapima tena. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kwa upana wa kidole. Daftari lilisema mabega sawa sawa. Yeye, fundi ambaye watu walitoka vijiji vya mbali kumtafuta, Jumamosi baada ya Jumamosi alikuwa ameliacha daftari mezani na kuufuata mwili uliokuwa mbele yake.

Dada alishusha mikono ubavuni, kulinyoosha gauni. Mkono wa kulia ukazama.

“Hiki nini?”

“Mfuko,” Fundi alijibu.

“Mfuko? Kwenye gauni la harusi?” Akajaribu upande wa pili. Mkono wa kushoto nao ukazama. “Miwili! Ya kuweka nini?”

“Leso!” Shangazi alidakia. “Bibi harusi hulia. Fundi ana akili, mimi nilisema tangu mwanzo.”

Dada aliitoa mikono yake mifukoni, akaitazama, mikono ya kufunga bandeji na kugeuza wagonjwa, mikono ambayo haijawahi hata siku moja kukosa pa kukaa. Kisha akainua macho kwenye kioo. Nyuma yake, ndani ya kioo, alimwona mdogo wake mlangoni. Chiriku alikuwa ameiweka mikono mbele. Akaiweka nyuma. Akaikunja kifuani.

Dada aliitazama mikono ile muda mrefu.

“Shangazi,” alisema pasipo kugeuka, “nina kiu. Niletee maji kutoka nyumbani.”

“Maji si haya hapa kwenye jagi?”

“Nataka ya mtungi wa Mama.”

“Usomi huu,” Shangazi alinung'unika akikusanya nyuzi zake, “sasa hata maji yana ukoo.” Akatoka.

Mlio wa makaa ndani ya pasi ulisikika.

“Fundi,” Dada alisema. “Gauni hili ni la nani?”

“Ni lako. Kitambaa ulichagua wewe, na...”

“Sikuuliza kitambaa.”

Fundi alilifunga daftari. “Bega sikujua. Haki ya Mungu sikujua mpaka ulipolivaa sasa hivi.”

“Na mifuko?”

Aliliweka daftari mezani. “Mifuko nilijua.”

Chiriku alitamani sakafu impokee.

“Kuna lililotendeka?” Dada aliuliza, bado akikitazama kioo.

“Hakuna.”

“Kuna lililosemwa?”

“Hakuna.”

“Ingekuwa afadhali,” Dada alisema. “Ningekuwa na kitu cha kukasirikia.”

“Nipe siku nne,” Fundi alisema kwa haraka. “Nitalifumua lote. Neno nililompa mama yako sitalivunja. Nitalitimiza, na wewe hutakosa kitu kwangu, naapa.”

Dada aligeuka sasa. “Nitakaa nyumba moja na mtu aliyetimiza neno? Wajibu nautoa hospitali kutwa, Fundi. Nawageuza watu, nawalisha, nawapangusa, kwa wajibu. Nikirudi nyumbani sitaki kuwa mgonjwa wa mtu mwingine.”

Akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, gauni lilikuwa limekunjwa vizuri mkononi mwake. Aliliweka juu ya meza, akalipapasa mara moja, akatoka nje.

*

Walitembea hadi nyumbani, Dada mbele, Chiriku nyuma. Chumba chao kilikuwa kile kile cha utotoni, vitanda viwili na dirisha la kutazama uani. Dada aliketi kitandani kwake bila kuvua viatu.

“Tangu lini?”

“Mwezi wa pili.”

“Na ukaendelea kuniandikia kwamba wote hawajambo.”

“Wote walikuwa hawajambo.”

“Na wewe?”

“Mimi sikuwa.”

“Ungeniambia!” Dada alipiga godoro kwa kiganja. “Mimi ni dada yako! Ungeniandikia mstari mmoja!”

“Ningekuambiaje?” Sauti ya Chiriku ilikatika. “Mambo yangu yote wewe ndiye unayeyasema. Nikiumwa, wewe ndiye unayemwambia Mama. Viatu vikinibana, wewe. Hili lingesemwa na nani, Dada? Nani angekuja kwako aniseme?”

Uani, Mama alisikika akikoroga kitu kwenye sufuria, akiimba mstari mmoja wa wimbo, ule ule, kama kawaida yake.

“Nilishapanga vyombo kwenye nyumba ile,” Dada alisema. “Humu kichwani. Kila nikitoka zamu, miguu imevimba, nalala napanga. Kabati hapa, meza pale, dirisha la jikoni lina pazia la maua. Sasa sijui hata kama nilikuwa nampenda yeye au ile nyumba. Na wewe umenifanya nisilijue hilo maisha yangu yote.”

“Nisamehe.”

“Usiniombe sasa. Nikikusamehe sasa nitakuwa nadanganya.” Alijipangusa uso kwa mikono miwili, na alipoishusha, Chiriku aliuona ule uso wa siku zote, uso wa dada mkubwa anayepanga mambo. “Sikiliza. Mama nitamwambia mimi. Nitasema nimebadili nia, nataka kubaki hospitalini. Watanisema. Shangazi atasema usomi umenipanda kichwani, kwamba mwanamke wa mjini haolewi, kwamba labda nina mtu huko. Wiki mbili nitasemwa, kisha nitapanda gari moshi. Wewe unabaki hapa, wewe ndiye ungesikia kila siku, kwenye kila mlango unaopelekea nguo. Mwakani watu wakishasahau, aje akupose. Hakuna atakayejua.”

Ilikuwa rahisi sana. Chiriku alihisi mwili mzima ukilegea kwa nafuu, na nafuu ile ilimtisha kuliko hasira zote za siku ile.

“Jamani!” Mama aliita kutoka uani. “Gauni limekaaje? Mbona Shangazi yenu amekuja kuchota maji analalamika? Mna nini humo ndani?”

Ndala zake zikaanza kusikika, zikija.

“Nyamaza,” Dada alinong'ona. “Niachie mimi.”

Mara ngapi alikuwa ameambiwa maneno hayo? Alipovunja chungu. Alipoacha shule na mwalimu akaja kuuliza. Kila mara yalikuwa kama shuka linalovutwa juu ya mtu mwenye baridi, na kila mara alikuwa amejifunika.

“Hapana,” Chiriku alisema.

“Nini?”

“Mchumba nimekuchukulia, Dada. Sikutaka, lakini nimemchukua. Jina lako siwezi kulichukua na lenyewe.”

Mama alitokea mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga. Aliwatazama mmoja mmoja. “Haya. Nani amekufa?”

Dada alifungua mdomo.

“Kaa, Mama,” Chiriku alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata mwenyewe akashtuka. “Mimi ndiye nina la kusema.”

“Wewe?”

“Mimi. Dada hana kosa lolote. Nitakueleza yote tangu mwanzo, na ukitaka kunipiga utanipiga mwisho, si katikati, maana nikikatizwa sitaweza kuanza tena.”

Mama alikaa pole pole kwenye kitanda cha pili, kama mtu anayekalia kiti asichokiamini.

Dada hakumshika Chiriku mkono. Hilo lilichukua mwaka na miezi kadhaa, na barua nyingi zilizokwenda zisijibiwe. Lakini alisogea kidogo pale kitandani, akamwachia nafasi. Chiriku akakaa, akasema mpaka mwisho.